Mstari wa Msiba

Kimanzi aligonga ukuta mara mbili, akanyamaza kidogo, akagonga tena. Ngo-ngo. Ngo.

Ndivyo alivyokuwa akigonga dirisha la chumba chetu kule Shimba Hills akichelewa kurudi, nimfungulie kabla mama hajaamka. Lakini siku hiyo ilikuwa mchana, jua la Diani limesimama utosini, na kaka yangu alikuwa amelazwa kwenye kliniki. Mimi nilikuwa saiba, duka la intaneti la upande wa pili wa ukuta huo huo. Ukuta mwembamba ule, mtu akipiga chafya kliniki, saiba wanamwambia "afya". Nikamjibu kwa kugonga mara moja, halafu nikarudisha macho kwenye skrini, kwenye kile kijistari cha buluu kilichokuwa kinajaa kidogo, kinasimama, kinajaa kidogo.

Ndani ya kijistari kile kulikuwa na nyoka.

Nyoka mwenyewe alikuwa ameshakufa, amekunjwa ndani ya ndoo ya plastiki mezani kwa daktari. Asubuhi ile Kimanzi na mwenzake Dzombo walikuwa juu ya paa la hoteli wakitoa makuti ya zamani. Kimanzi akatia mkono chini ya kuti, akahisi kama amechomwa na mwiba. Akautoa mkono. Mwiba ukaja nao, wa kijani, mrefu, umeng'ang'ania kidole cha kati, unatafuna. Hilo ndilo Dzombo alilorudia kumwambia kila mtu, kwamba alikuwa anatafuna. Akamvunja nyoka mgongo kwa ubao, akamtia guniani, wakaja kwa miguu wakicheka, maana Kimanzi hakuwa na maumivu yoyote.

"Nyoka amekosa shabaha," aliniambia nilipokimbilia kliniki. Alikuwa ameketi kitandani anatikisa miguu kama mtoto. "Nenda kwa televisheni zako, Muange. Usinikodolee macho hivyo, mimi si maiti."

Daktari hakucheka. Alinivuta kando, akaniambia kuna nyoka wawili wa kijani wanaofanana. Mmoja dawa yake iko kwenye friji ya kliniki. Huyo akikuuma asubuhi, adhuhuri haifiki kabla hujaona dalili. Wa pili hana haraka. Anakuacha ucheke, ule chakula, halafu damu yako inasahau kuganda. Inaanza kwenye ufizi. Dawa ya huyo ilikuwa Afrika Kusini peke yake, kwa mtaalamu mmoja ambaye daktari alimpata kwa simu, akamweleza nyoka mpaka akachoka. Yule mtaalamu akasema dawa ni chache na hatoi kwa maneno. Anataka picha: kichwa, jicho, magamba ya mgongo, na meno kama yanaonekana. Akizipata kabla ya kufunga ofisi, dawa itapanda ndege ya leo. Asipozipata, ndege nyingine ni keshokutwa.

"Keshokutwa kuna shida?" nikauliza.

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nyoka akapigwa picha na mgeni mmoja Mjerumani mwenye kamera inayomeza disketi. Disketi ikajaa. Na Sista Cynthia, nesi wa zamu, badala ya kuhangaika na kompyuta ya kliniki ambayo mdomo wake wa disketi ulikuwa umejaa mchanga tangu Pasaka, akatoka nayo mbio mpaka kwangu. "Daktari amesema nimpelekee ndugu wa mgonjwa," akasema, "wewe ndiye mtu wa mitambo." Alinipa ile disketi kwa mikono miwili.

Nikaiweka kwenye mashine namba saba. Nikaandika anwani. Nikatuma.

Na hapa lazima niwaeleze habari ya kompyuta iliyokuwa chini ya meza, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata.

Saiba ilikuwa ya Bwana Chande. Yeye ndiye aliyekuwa amekodi laini ya mtandao kutoka Mombasa, laini moja tu, nyembamba, akagawana na majirani wawili: ofisi ya hoteli iliyo ng'ambo ya barabara, na kliniki. Waya zilipita juu ya paa zimefungwa kwa kamba ya katani. Shida ilikuwa hii: mtalii mmoja akikaa saiba akaanza kuvuta nyimbo, hoteli haipati barua, na daktari anakuja mlangoni na koti lake jeupe kuuliza kama tumemfungia. Bwana Chande alichoka kuomba radhi.

"Mwanangu Muange," akaniambia siku moja, "wewe umemaliza shule na huna kazi ya kukuzuia. Nitafutie dawa ya jambo hili, tafadhali."

Kweli sikuwa na kazi. Nilikuwa na matokeo ya fomu four ambayo hayakuwa mabaya wala mazuri, na miguu isiyotulia. Nilikuwa nimejaribu kuuza vinyago, nimejaribu ulinzi, nikakimbia kote. Kilichonikalisha chini ni Linux, ile programu ya bure ya kuendeshea kompyuta. Mholanzi mmoja aliacha sidii na rundo la karatasi alizochapisha, nikazisoma mpaka zikalegea kama noti za kale. Humo ndimo nilipokuta habari ya daraja. Unachukua kompyuta kuukuu, unaitia kadi mbili za mtandao, unaiweka katikati ya njia. Kila kitu kinaingia kwa kadi hii na kutokea kwa ile. Haina anwani njiani, haisalimii mtu, wanaopita hawajui kama wamepita juu ya kitu. Na kwa sababu kila kitu lazima kipite hapo, hapo ndipo unapoweza kupanga foleni.

Mara ya kwanza nilichomeka kebo zote mbili kwenye habu moja, kile kisanduku cha taa kinachounganisha kebo. Yaani daraja nililianzia ukingo huu nikalimalizia ukingo huu huu. Ujumbe ukawa unazunguka, unajikuta, unazunguka tena. Taa zote za habu zikawaka kwa pamoja na kukataa kupepesa. Hoteli ikafa, kliniki ikafa, saiba ikafa. Siku nyingine nilifuta foleni moja huku watu wanaitumia, mashine ikaganda, ikachukua muda wa kuchemsha maharagwe kuamka. Tangu hapo nikawa naiogopa ile kompyuta kama mbwa wa jirani. Napita karibu naye, lakini simgeuzii mgongo.

Foleni zenyewe sikuzitoa kwa Mholanzi. Nilizitoa kioski cha maji Ukunda. Pale mitungi inajipanga yenyewe, wenyewe wamekaa kivulini wanapiga soga. Mwenye mitungi mingi hachoti yote kwa mkupuo, anachota miwili anampisha mwenzake. Na akitokea mtu wa msiba, kanga imefungwa kiunoni, amekuja kuchota maji ya kuoshea maiti na kupikia waombolezaji, huyo haulizwi. Mitungi yote inasogea. Hata aliyekwisha kufungua bomba analifunga.

Basi nikaandika mistari mitatu. Wa kwanza wa kliniki, nikauita msiba, maana ndio hausubiri. Wa pili wa hoteli. Wa tatu saiba, nao nikauwekea ukuta: hata laini ikiwa tupu, saiba isichukue zaidi ya kile kipimo chake kidogo. Bwana Chande ndiye aliyetaka hivyo.

"Kwani mteja akichelewa, dakika zake zinasimama?" Jumwa akanong'ona. Jumwa ndiye aliyekuwa akipokea wateja, Mgiriama mwenye ulimi mwepesi na rangi ya kucha ya kila siku.

"Jumwa, binti yangu, nimekusikia," akasema Bwana Chande, bila kugeuka.

Ilifanya kazi. Kwa majuma mawili daktari hakuja mlangoni. Nilitembea Diani kifua mbele.

Sasa rudini pale kwenye kijistari cha buluu.

Kilikuwa hakijafika robo. Saiba ilikuwa imejaa, kila kiti mtu, na mvulana mmoja wa Kiitaliano anavuta nyimbo. Nikasimama. Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha Kwale kwamba samahani sana, mtambo umeharibika, tokeni. Hawakusikia. Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini, lakini Jumwa aliniambia baadaye kwamba nilisema "kaka yangu" kwa Kikamba, na kwamba wote walielewa. Wakatoka. Mwitaliano aliacha viatu vyake.

Saiba ikawa kimya. Feni tu. Nikakaa namba saba nikisubiri kijistari kirukie mbele.

Hakikuruka. Kilikwenda haraka kidogo kuliko mwanzo, lakini kidogo tu, kama mtu anayekwenda mahali asikotaka kufika.

"Mbona vile vile?" Jumwa akauliza.

Ngo-ngo. Ngo. Nikagonga kujibu.

Nilipiga hesabu. Kwa mwendo ule, ofisi ya mtu wa nyoka itakuwa imefungwa na yeye yuko nyumbani anakula. Ningekata nikatuma picha moja? Nikikata naanza upya, na mtu amesema anataka kichwa na jicho na magamba. Nikikosea ile anayoitaka, basi. Nikamtazama Mwitaliano nje anakanyaga lami ya moto kwa soksi. Hakuna mtu ndani. Hakuna anayevuta chochote. Ni nani basi aliyesimama mbele ya nyoka wangu?

Ndipo nikaelewa.

Ni mimi. Ule ukuta. Mashine yangu haijui kanga iliyofungwa kiunoni. Kioskini tunamtazama mtu usoni, tunajua kuna nini nyumbani kwake. Mashine inatazama kiti alichokalia tu. Kitu kikitoka kliniki, ni msiba, hata kama daktari anaagiza kalenda. Kikitoka saiba, ni nyimbo. Sista Cynthia alikuwa ameutoa mtungi wa msiba kwenye mstari wake, akakimbia nao juani, akaja kuuweka nyuma kabisa. Kwa heshima. Kwa sababu mimi ndiye mtu wa mitambo.

Ukutani hakukuwa na mlio. Nikagonga. Ngo-ngo. Ngo.

Hakujibu.

"Labda amelala," Jumwa akasema. Lakini alikuwa ameshika mdomo.

Bwana Chande aliingia wakati huo, ameona wateja wake wamejaa barazani. Akafungua kinywa, akaniona, akakifunga. "Ni nini, mwanangu?"

"Nataka kuhamisha namba saba. Niiweke kwenye mstari wa kliniki. Sasa hivi, huku inaendelea kutuma."

"Basi ihamishe."

"Ikiganda je? Ikiganda zile picha zinaanza upya. Na ikichelewa kuamka..." Sikumaliza. Alikuwepo siku ya maharagwe.

Alikaa chini. Sikuwa nimewahi kumwona Bwana Chande akikaa kwenye kiti cha mteja. "Mimi sijui mambo haya," akasema polepole. "Wewe je, unajua?"

Ukweli ni kwamba nilijua nusu. Nusu ya pili nilikuwa naijaza kwa kusema haraka haraka, na watu walidhani najua yote.

Nikaingia chini ya meza. Kulikuwa na joto, vumbi, harufu ya waya. Nikaivuta kibodi ya daraja mapajani. Kitu cha kwanza: kadi ipi inatazama nje? Picha zilikuwa zinakwenda nje, basi foleni ya kubadilisha ni ile ya mlango wa kutokea. Nikibadilisha mlango wa kuingilia, sijafanya kitu, nimepoteza muda tu. Na wiki ile nilikuwa nimezihamisha kadi.

"Jumwa! Ipi ya nje?"

"Nyekundu!" Alikuwa amezipaka rangi ya kucha siku niliyozibadilisha, kwa sababu alichoka kunisikia nikiapiza. "Nyekundu ya nje, waridi ya ndani. Muange, nyekundu!"

Nikaandika. Niliandika kadi, nikakosea, nikafuta. Nikaandika anwani ya namba saba. Halafu nikafika mahali pa kuitaja foleni itakayoipokea, nikasimama.

Kwenye faili langu foleni ile ilikuwa na jina, na jina nililipa mwenyewe nikicheka. Ilibidi niandike: namba saba, iende msiba. Mkono ulikataa. Mnaweza kunicheka. Nimesoma fizikia, najua kwamba neno haliwezi kupita kwenye waya likatoka ukutani likamkalia mtu kifuani. Lakini nilikuwa chini ya meza, upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya, na sikutaka kuwa mimi niliyeliandika. Mashine yenyewe haina haja na majina, inataka namba. Nikatafuta namba ya mstari ule. Nikaandika namba.

Kabla ya kubonyeza nilitega sikio. Kimya.

Nikabonyeza.

Taa zote za habu zikawaka kwa pamoja.

Sikusikia feni tena. Naikumbuka midomo ya Bwana Chande ikisema kitu, sijui dua ya dini yake au jina langu. Taa za kijani, zote, hazipepesi, kama macho ya kitu kilichotuona. Nikawaza nimelifunga duara tena. Nikawaza nitamwambiaje mama. Nilianza hata kupanga maneno, kwa Kikamba, yale ya mwanzo ambayo mtu huanza nayo ili wa pili aketi chini kabla ya kusikia.

Halafu moja ikapepesa. Halafu nyingine. Halafu zote zikaanza kucheza, haraka haraka, kama mvua ya kwanza juu ya bati.

"Inakwenda!" Jumwa alikuwa namba saba, amepiga magoti kitini. "Muange, nyoka anakwenda! Nusu! Imepita nusu! Njoo uone!"

Sikwenda kuona. Nilitoka nikakimbia kliniki.

Kimanzi alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi. Mbele yake alikuwa ameshika bakuli. Alitabasamu aliponiona, na laiti asingetabasamu. Meno yote yalikuwa na mpaka mwekundu, kila jino na mstari wake, kama yamechorwa kwa kalamu.

"Nimekusikia unagonga," akasema taratibu. "Sista amenikataza nisitumie mkono. Ati nikijigonga hata kidogo..." Akaonyesha vifundo vya vidole alivyogongea ukuta. Vilikuwa vyeusi, vimevimba kama zambarau.

Nilikaa chini sakafuni kwa sababu hakukuwa na kiti.

"Usilie basi," akasema. "Wewe utalia nini na wewe hujaumwa?"

"Silii."

"Haya. Hulii." Akatema kwenye bakuli, akalifunika kwa kitambaa nisione ndani. "Nyoka wangu amefika wapi?"

"Amepita Mombasa."

"Mimi mwenyewe sijapita Mombasa mwezi wa tatu huu," akasema. "Yeye anapanda ndege."

Sista Cynthia aliingia akatoka, akaingia akatoka. Mimi nilimtazama kaka yangu mdomoni tu, na kila alipomeza nami nilimeza. Sijui tulikaa muda gani. Kisha ukuta ukalia, si kwa mpango wowote, ngumi tu, ngumi za mwanamke aliyepandwa na furaha, na sauti ya Jumwa ikapenya kwenye chokaa: "Amejibu! Mwambieni daktari amejibu! Ni yule wa pili! Dawa inapanda ndege!"

Dawa ilifika kesho yake imefungwa kwenye barafu na magazeti. Kimanzi akapelekwa hospitali kubwa Mombasa, akakaa huko muda mrefu, akapoteza kidole cha kati na nyama nyingi. Mama alikwenda akaishi naye. Mimi nilibaki Diani na kazi yangu, na jambo ambalo sikumwambia mtu ni kwamba woga haukupanda ndege kuondoka. Nilikuwa nikiziona taa za habu zikiwaka kwa pamoja hata kwa nukta moja, naonja damu.

Bwana Chande aliniambia nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Nikarudisha. Ule mstari mmoja wa namba saba ndio sikuugusa. Kila jioni nilikaa chini ya meza nikasema leo nitaufuta, na kila jioni nikaona ni kama kumtoa mtu kitandani kabla daktari hajasema. Watalii wakagundua. Wakawa wanagombea namba saba bila kujua kwa nini. Bwana Chande aliwaambia kiti kile kina baraka, na akiwaambia hivyo ananitazama mimi pembeni mwa miwani. Nadhani alijua.

Halafu ikaja siku moja ya kawaida kabisa, mvua nyepesi, saiba imejaa. Nilikuwa chini ya meza, nimeuandika ule mstari wa kufuta, umebaki kubonyeza. Nilikuwa nimeamua. Yule Mholanzi kwenye karatasi zake ameandika kwamba foleni isiyotendea haki wote si foleni.

Ngo-ngo.

Ilikuwa ni kiganja, si vifundo, kama mtu anayejifunza upya kugonga. Sista Cynthia alikuwa amesema kuna wagonjwa waliorudi kutoka Mombasa wa kubadilishwa bandeji.

Ngo.

Nikaufuta mstari niliouandika, herufi moja moja, mpaka skrini ikabaki tupu. Namba saba nikaiacha mahali pake. Kisha nikanyoosha mkono kupita kwenye nyaya zote, mpaka ukutani, nikagonga mara moja.